Boti ya faiba imepauka? Usikimbilie kupiga rangi

Wadau wenye boti za tanga za faiba, hasa hizi za zamani za miaka ya 1970 na 1980, nyingi hapa Tanga zimepauka mpaka zinatia huruma, na mwenye boti akiuliza anaambiwa piga rangi tu yaishe. Subiri kwanza. Faiba ina ngozi yake ya juu, jelikoti, ikiwa mpya unene wake ni kama nusu milimita tu, na jua ndo linaila pale juu kabisa inageuka unga. Chini ya ule unga mara nyingi rangi yake bado ipo hai, lakini ukishapaka nyingine juu ndo umejifunga, utakuwa unarudia kila baada ya miaka kadhaa.

Pitisha kiganja ubavuni. Kikitoka na unga mweupe, ndo ugonjwa wenyewe. Alafu mwagia maji, rangi ikikolea palipolowa basi boti inapona, ila ukiona nyuzi za faiba hapo jelikoti imeisha na rangi ndo dawa.

Mimi kazi hii napenda ifanywe kipupwe, Juni mpaka Agosti, masika imeshapita na joto limepungua. Pandisha boti pakavu, funga turubai upate kivuli manake kompaundi, ile dawa ya kusugulia inayorudisha mng'ao, ikipigwa na jua inagandia. Osha kwa maji baridi na sabuni, maji ya bahari hapana. Michirizi ya kutu inayoshuka kwenye nati, ile myepesi inatoka kwa ndimu, iliyokomaa inataka asidi ya oksaliki, vaa glavu na usuuze vizuri. Ikikauka futa kwa asetoni, sigara weka mbali, na geuza kitambaa kila mara usije ukawa unahamisha uchafu.

Kuna watu wanapaka mafuta ya nazi au dizeli ili ing'ae. Jamani hapana! Dau la mbao unalipaka sifa, yale mafuta ya samaki, kwa sababu mbao inakunywa, faiba hainywi, mafuta yanabaki juu yanashika vumbi na kazi ya kuyafuta ni yako.

Sasa kabla hujashika msasa jaribu kompaundi kwenye kipande kidogo, ikirudisha mng'ao achana na msasa kabisa, manake kila ukisugua unakula ile nusu milimita na hairudi. Ikigoma ndo chukua msasa wa maji, anza na namba 1000, kwa iliyochoka sana 800, alafu 1500, umalizie 2000. Chora mistari ya penseli, sugua mpaka ifutike, uache hapohapo, kisha namba inayofuata sugua kwa kukatisha ile ya kwanza ili mikwaruzo ya nyuma uione inavyoisha. Kwenye boti nyeupe maji yatashuka kama maziwa, hiyo sawa, ni jelikoti inatoka, ila rangi ya pale unaposugua ikianza kubadilika acha palepale. Kwenye kona na kingo tumia mkono na nguvu kidogo sana, huko ndo inakuwaga nyembamba.

Kompaundi piga kwa mashine ya polishi, kama huna waulize mafundi rangi wa magari, wanazo. Pedi ya sufu, spidi ya chini, kipande kidogo kidogo, na mashine isitulie sehemu moja. Gusa kwa kiganja, pakichemka hama. Fuata na polishi laini, kisha waksi upake mara mbili, na hii waksi usiiruke, bila hiyo jua linaanza upya kula palepale ulipofungua. Kwa jua la huku rudia kila baada ya miezi mitatu minne hivi, ukiona maji hayajikusanyi matone tena ujue imeisha.

Waksi iishie ubavuni na kwenye kuta za kibanda. Deki ya kukanyagia usiipake, mtu anakwenda mbele kushusha tanga upepo umekaza, miguu imelowa, anateleza anaingia majini.