Kutoa pesa kwa ATM nje ya nchi bila kukatwa ovyo

Kadi ya benki ya Nairobi hukatwa sehemu tatu ukiwa nje: benki yako, benki yenye mashine, na kiwango cha kubadilisha fedha. Hicho cha tatu mara nyingi ndicho huumiza bila kuonekana, maana hakiandikwi kama ada.

Mashine ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi za Kenya, kataa. Chagua sarafu ya nchi uliyopo. Ukikubali, mwenye mashine anakupangia kiwango chake, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha Visa au Mastercard. Kukataa hakusimamishi muamala. Pesa zitatoka tu.

Ada isiyobadilika hukomoa anayetoa kidogo kidogo. Thailand, mashine nyingi hukata kadi za kigeni baht 220 au zaidi: kwa ada ya 220, ukitoa 1,000 umepoteza asilimia 22, ukitoa 10,000 ni 2.2. Uingereza, mashine nyingi za benki hazitozi ada yao.

Kabla ya kusafiri, iambie benki yako ifungue kadi kwa matumizi ya nje na uulize kikomo cha siku. Kadi ya mkopo usiitolee pesa taslimu: riba huanza siku hiyohiyo.