Kupamba sebule ya kupanga: futi kamba kwanza, pochi baadaye

Sebule nyingi za mjini hazikosi vitu, zinakosa vipimo. Kochi zuri, kapeti zuri, pazia la bei, lakini kapeti limekaa katikati ya chumba kama kitambaa kilichodondoka mezani, na pazia limekatwa likaishia chini kidogo ya dirisha. Maelezo haya yanafuata chumba kimoja cha kawaida: sebule ya mita 3.6 kwa 4.2 (futi 12 kwa 14), dari kwenye mita 2.7, mlango mmoja, na madirisha mawili ya alumini, kila moja upana wa sentimita 150 na kimo cha 120. Chako kikiwa na vipimo vingine, badilisha tarakimu. Hesabu ni ileile.

Kabla ya kupaka au kutoboa chochote, mwombe ruhusa mwenye nyumba, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu ili ibaki kumbukumbu.

Toa kwanza

Toa nje kila kinachobebeka, ubaki na makochi, meza na televisheni. Kisha rudisha kimoja kimoja. Utashangaa vingapi havina haja ya kurudi: maua ya plastiki yaliyopauka, kalenda za miaka iliyopita, boksi la king'amuzi lililohifadhiwa "kwa ajili ya waranti". Vitambaa vya kochi vya kufuma si lazima vitoke. Vinaharibu sura pale vinapofunika kochi lote na kila kimoja kina rangi yake. Baki na vya mikononi tu, viwe vya rangi moja.

Makochi usiyabane ukutani. Acha sentimita 10 hadi 15 nyuma yake: ukuta unapumua, na mgongo wa kochi hauachi alama nyeusi kwenye rangi. Kati ya kochi na meza acha sentimita 40 hadi 45, ili mtu afikie kikombe bila kugonga goti. Njia ya kupita iwe na sentimita 75 au zaidi. Waya za sabufa na king'amuzi zifunge pamoja na uzipitishe nyuma ya mguu wa meza ya televisheni. Ni kazi ya dakika kumi, na hakuna inayobadilisha sebule haraka kuliko hiyo.

Rangi: jua lililo chini yake

Mzunguko wa chumba chetu ni mita 15.6. Zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba 42, ondoa mlango na madirisha, zinabaki kama 36.5. Rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa lita, kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili inataka lita 7.3, yaani makopo mawili ya lita 4. Ukuta wa plasta ya mchanga usiolainishwa hunywa zaidi, hivyo nunua makopo matatu. Ukitaka ukuta mmoja tu wenye rangi nzito, ule wa nyuma ya televisheni wa mita 4.2, kopo moja linatosha na kubaki.

Rangi inayobanduka kama ganda la kitunguu mara nyingi imepakwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Kuijua ni rahisi: chovya pamba kwenye spiriti, sugua pembeni ya ukuta. Pamba ikibeba rangi, ukuta una rangi ya maji, endelea. Ikitoka safi, chini kuna rangi ya mafuta: piga msasa namba 120 mpaka ule mng'aro uishe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka andakoti (rangi ya chini ya kushikia), ndipo upake yako. Na ukiona unga mweupe unatoka chini ya ukuta, hiyo ni chumvi inayosukumwa na unyevu. Usipake. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza, kwa sababu hakuna rangi inayoshinda maji yaliyo nyuma yake.

Fundi akianza kumimina maji kwenye kopo, simama karibu. Mkono wa kwanza huvumilia kama sehemu moja ya maji kwa sehemu kumi za rangi, na kopo lenyewe limeandikwa kiasi. Akizidisha, mikono miwili inageuka minne na ukuta bado unaonyesha madoa.

Usichague rangi dukani kwenye kipande cha karatasi. Nunua kopo dogo, paka kadibodi ya sentimita 50 kwa 50, iegemeze ukutani, iangalie asubuhi na tena usiku taa ikiwaka. Krimu iliyopendeza mchana inaweza kuwa ya kijani usiku chini ya taa nyeupe.

Pazia: juu, pana, refu

Kosa linalorudiwa kila nyumba ni fimbo ya pazia kufungwa palepale juu ya fremu ya dirisha, tena kwa upana uleule wa dirisha. Pazia likifunguliwa linakula nusu ya mwanga, na dari linaonekana fupi. Panda sentimita 15 hadi 20 juu ya dirisha, au zaidi kama dari linaruhusu, na toka sentimita 20 kila upande. Dirisha letu la sentimita 150 linahitaji fimbo ya 190. Ikizidi 180 huwa inataka kishikizo cha tatu katikati, la sivyo baada ya miezi michache inabonyea.

Hapo juu ya dirisha ndipo linta ilipo, zege tupu. Drili ya kawaida itazunguka bila kuingia na kuchoma ncha. Tumia drili yenye mpigo wa nyundo, ncha ya zege ya milimita 6, na fisha (vile vibomba vya plastiki vya kushika skrubu) za namba 6. Bandika kipande cha selotepu ya karatasi pale unapotoboa ili plasta isimeguke, na toboa kina cha sentimita 4 au 5. Shimo likipanuka fisha inazunguka na skrubu haikazi. Usijaze njiti za kiberiti, hamia sentimita tatu pembeni.

Sasa kitambaa. Upana wa pazia lote uwe mara mbili ya fimbo: 190 mara mbili ni 380. Pungufu ya hapo pazia likifungwa linanyooka kama shuka kwenye kamba. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa mita 2.8, na faida yake ni kwamba unaweza kuvilaza: ule upana wa 2.8 unakuwa kimo cha pazia. Kwa hiyo dirisha moja unanunua mita 4 tu, mawili mita 8. Fimbo ikiwa mita 2.4 kutoka sakafuni, unabaki na sentimita 40 za kukunja juu na chini. Kabla ya kukata, hakikisha maua au mistari ya kitambaa haitalala ubavu ukikigeuza hivyo. Kama ni pamba, kiloweke na kukikausha kwanza, maana pamba husinyaa, na pazia lililokuwa linagusa sakafu litabaki linaning'inia kama suruali ya mtoto aliyerefuka.

Mwambie fundi cherehani mambo mawili. La kwanza, pindo la chini liwe la sentimita 10, si 2. Uzito wake ndio unaolivuta pazia linyooke. La pili, ringi za juu ziwe za idadi shufwa kwa kila kipande. Kipande cha sentimita 190 kinapata ringi 12. Zikiwa witiri, ukingo mmoja wa pazia unaelekea ukutani na mwingine unaelekea chumbani, na hutaweza kulirekebisha bila kulifumua. Chini pazia liishie sentimita moja juu ya sakafu, lisiwe linafagia vumbi.

Kanga ukutani

Picha za kiwandani zenye maporomoko ya maji kila mtu anazo. Kanga moja iliyowambwa vizuri inajaza ukuta wa nyuma ya kochi kwa gharama ya mbao mbili, na ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), yaani msanifu ameshakufanyia mpangilio wote.

Ifue kwanza peke yake kwa maji baridi, iondoke wanga na rangi inayochuja, ianike kivulini, ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo. Ipime baada ya hapo, si kabla. Tuseme imebaki 150 kwa 110. Fremu iwe 140 kwa 100, ili sentimita 5 kila upande zizunguke unene wa ubao na kushikwa nyuma.

Nunua mbao mbili za inchi moja kwa mbili za futi 12, zilizopigwa randa na zilizonyooka. Kutoka ya kwanza kata vipande viwili vya sentimita 140. Kutoka ya pili kata vitatu vya 90: viwili ni pande fupi, zinazoingia katikati ya ndefu, na cha tatu ni nguzo ya katikati. Usiiache hiyo nguzo ukidhani unaokoa ubao, kwani kitambaa kikivutwa pande ndefu hujipinda kwa ndani na fremu inapata kiuno. Mabaki ya ubao wa kwanza yakate pembetatu nne za kukaza kona kwa nyuma. Pima mshazari zote mbili, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Zikilingana, kona zote ziko pembe mraba.

Laza kanga kifudifudi, weka fremu juu yake. Kwa stepla ya mafundi makochi, piga pini moja katikati ya upande wa juu, vuta, piga katikati ya chini, kisha kushoto, kisha kulia. Endelea kutoka katikati kuelekea kona, pini kila sentimita 5, ukibadilisha upande na upande. Anayeanzia kona humaliza na kitambaa kilichopinda, na kwenye kanga hilo halifichiki: jicho la mgeni huenda kwenye jina kabla ya kitu kingine, na mstari wa maandishi ukilala upande hata nusu sentimita utaonekana. Igeuze uitazame kila baada ya pini kumi. Pini iliyokosea ing'oe mapema.

Ining'inize kwa skrubu mbili, si moja, ili isiyumbe, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi. Picha isiyo juu ya kochi, katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Na soma jina kabla ya kununua. "Mgeni njoo mwenyeji apone" linakaa vizuri sebuleni. Yale mafumbo ya kumrushia jirani au mke mwenza yaache yavaliwe. Yakipanda ukutani kila anayeingia atajiuliza ni yeye anayesemwa.

Mito

Kitenge kina upana wa kama sentimita 115. Foronya ya mto wa 45 kwa 45 isiyo na zipu inataka ukanda wa 48 kwa 110: mbele, nyuma, na sentimita 15 za kupishana. Ukate ukanda kwa kufuata upana wa kitambaa, kila foronya itakula sentimita 48 za urefu. Yadi mbili zinatoa foronya tatu. Ndani weka mto wa 50, si wa 45; foronya ikibana kidogo ndiyo kona zinajaa. Chagua kitenge chenye rangi moja inayofanana na ile ya kwenye kanga, basi. Vitenge vitatu tofauti pamoja na kanga ni duka.

Kapeti na taa

Kapeti lifike chini ya miguu ya mbele ya makochi kwa sentimita 15 au 20. Kwa chumba chetu lile la futi 5 kwa 8 ndilo la chini kabisa, na la 6 kwa 9 linakaa vizuri zaidi. Kama fedha haitoshi, mkeka mpana wa ukindu unafanya kazi kuliko kapeti dogo. Tandika magazeti sakafuni, kata, zungusha, utajua ukubwa kabla ya kulipa.

Taa moja nyeupe katikati ya dari hufanya sebule ifanane na zahanati. Tafuta balbu zilizoandikwa 2700K au 3000K (mwanga wa manjano) badala ya 6500K (mweupe), na usichanganye aina hizo mbili chumba kimoja. Ongeza taa ya mezani kwenye kona iliyo mbali na televisheni. LED ya wati 5 inatosha. Angalia holda kabla ya kwenda dukani: balbu ya pini haiingii kwenye holda ya skrubu.

Kioo kisimamishe kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha. Kikitazamana nalo kitakuonyesha nondo za dirisha mara mbili. Mmea ukiutaka, sansevieria (ule wa majani marefu magumu yaliyosimama) inavumilia kona yenye giza, na inayokufa mara nyingi imeuawa na maji. Subiri udongo ukauke kabisa.