Somo: Kuendesha mashindano ya sataranji ya mtaani kwa gharama ndogo (Mtwara)

Wiki hii tu nimejibu watu sita swali lilelile, mashindano haya yanaendeshwaje, kwa hiyo naandika mara moja. Haya nimeyafanya Shangani na Mikindani, watoto na wakubwa pamoja.

1. Ukumbi: darasa, Jumamosi. Omba kwa barua wiki mbili kabla.

2. Vibao: azima drafti za barazani, miraba ni ileile 64. Unanunua kete tu. Kona ya kulia ya kila mchezaji iwe mraba mweupe.

3. Kiingilio 1,000. Zawadi: korosho zilizobanguliwa.

4. Saa: programu ya simu, dakika 15 kila mmoja. Weka hali ya ndege. Simu ikiita, saa inapotea kwenye kioo na ugomvi unaanza.

5. Nani acheze na nani. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza niliweka mtoano. Watoto 16, saa nne asubuhi nane wameshatoka. Mmoja wa Mikindani alikaa mlangoni, viatu mkononi, akimsubiri mwenzake amalize ili warudi na bajaji moja. Alikuwa amecheza dakika ishirini tu. Iliniuma sana, na mtoano sijaurudia.

Tumia mfumo wa Uswisi. Hatoki mtu. Kila mzunguko unamkutanisha mtu na mwenye pointi sawa naye au za karibu, na wawili hawarudiani. Ushindi 1, sare nusu. Watu 16, mizunguko 4. Watu 32, mizunguko 5. Ukitaka kila mtu akutane na kila mtu, watu 16 ni michezo 120, siku haitoshi.

Angalieni sana: usipange mzunguko mpya kabla ya matokeo ya meza zote kuingia, yakiwa yamesainiwa na wote wawili. Mtu asishike rangi moja mara tatu mfululizo. Idadi ikiwa witiri, wa chini kabisa anapumzika na kupewa pointi 1, ila asipumzike mara mbili.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Kiingilio shilingi ngapi?
— Hatua ya 3.

Mdau wa Kilwa: Mkuu, mtoano si unaisha haraka zaidi?
— Soma tena hatua ya 5. Ukitaka haraka, punguza dakika ziwe 12, usipunguze watoto.

Mwalimu, Nachingwea: Ndugu, wawili wakilingana pointi unawatenganishaje bila kompyuta?
— Umeuliza jambo la maana, mwalimu. Jumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja. Wa kwanza kacheza na wenye 3, 2, 2 na 1, jumla 8. Wa pili kacheza na wenye 3, 3, 2 na 2, jumla 10. Wa pili anakaa juu, kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Hesabu hiyo inaitwa Buchholz. Mpe kila mchezaji kadi yenye wapinzani, rangi na pointi zake. Ukizipanga kadi mezani kwa pointi, mzunguko unaofuata unauona kwa macho.

Mwalimu, Nachingwea: Ahsante sana. Na kete ndogo za askari zikipotea?
— Sisi tunaweka komwe za bao, nusu tumezipaka rangi nyeupe. Ila hesabu kete 32 kwa kila kibao kabla wachezaji hawajainuka.