Jinsi ya kumsaidia samaki mama awape vifaranga kinga
Wengi wanahangaika na dawa za vifaranga wakati kazi ilitakiwa ianze kwa mama. Kifaranga wa samaki akitotolewa bado hawezi kujitengenezea kingamwili, anatumia zile mama alizomwekea kwenye kiini cha yai, na zinaingia humo mayai yakiwa bado yanakua tumboni, kwa hiyo mama mchanje wiki kadhaa kabla hajataga, ukisubiri siku ya kutaga ushachelewa. Na iwe chanjo ya ugonjwa unaowasumbua kweli, sio yoyote tu. Mlishe vizuri, usimshikeshike ovyo, stresi inashusha kinga. Kiini kikiisha hiyo kinga nayo inapungua haraka, hapo ndo maji machafu yanawamaliza, so usafi usilegeze.