Uhariri wa linia na usio wa linia: mahali kazi inapobadilika

Katika uhariri wa linia, picha hunakiliwa kutoka deki moja (mashine ya kuchezea na kurekodia kaseti) hadi nyingine, kipande baada ya kipande, mwanzo hadi mwisho. Katika video ya harusi, ukifika kwenye keki ndipo ukumbuke kwamba bibi harusi hakuonyeshwa akitoka nyumbani, huna pa kumpenyeza. Kuongeza sekunde 10 katikati ni kurekodi upya yote yaliyofuata, au kunakili kaseti nzima na kupoteza ubora. Kwa kaseti za VHS, nakala ya tatu haifai kumpa mteja.

Unachoweza ni kufunika picha kwa picha ya urefu uleule. Hata hilo linataka kaseti iliyorekodiwa weusi mtupu kwanza, ili iwe na alama za mwendo zinazoiongoza deki. Kaseti ya E-180 hula saa 3 kwa kazi hiyo pekee. Alama zikikatika, picha huruka. Acha pia angalau sekunde 5 za ziada kabla ya sehemu unayoitaka, maana deki zote mbili hurudi nyuma kidogo ili zishike kasi pamoja. Kwa hiyo mpangilio wote uliandikwa karatasini kabla ya kugusa kitufe, tabia ambayo vijana wanaohariri video River Road, Nairobi, wangefaa kuirudia.

Uhariri usio wa linia, unaokuruhusu kurukia kipande chochote bila kufuata mfuatano, ulianza na mtambo wa CMX 600 mwaka 1971, ukashika kasi mfumo wa kompyuta wa Avid ulipoingia mwaka 1989. Kwenye taimulaini, yaani mstari wa programu unapopangia vipande, hakuna picha, kuna maagizo tu: cheza faili hii, kuanzia hapa hadi pale. Ndiyo maana unakata na kuhamisha bila kudhuru faili ya kamera. Ndiyo maana pia, ukibadilisha jina la folda katikati ya kazi, programu hukuonyesha skrini nyekundu.

Basi anza na folda na nafasi ya diski. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hutoa GB 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa 3 ni GB 270, na nakala ya pili kwenye diski nyingine ni lazima. Fungua klipu kadhaa ukague kabla ya kufuta kadi. Weka mradi kwenye fremu (picha) 25 kwa sekunde: umeme wetu ni hezi 50, na ukipiga fremu 30 kwa shata ya sekunde 1/60, taa nyingi za ukumbini humeta. Video za simu mara nyingi hazina kasi thabiti ya fremu, hivyo sauti huachana na midomo taratibu. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, uchague kasi isiyobadilika. Na kwa jinsi stima inavyopotea, mradi ujihifadhi kila dakika 5.

Kuingiza VHS kwenye kompyuta bado ni kazi ya linia: kaseti ya saa 3 huchukua saa 3. Ikiwa na ukungu, usiiweke kabisa. Itachafua vichwa vya deki, na kaseti itakayofuata italipia.