Jinsi ya kusalimiana na kukumbatiana ukienda kucheza tango Buenos Aires

Ukifika milonga, yaani ukumbi wa tango, salamu ni busu moja tu, mnagusanisha mashavu ya kulia mdomo unabusu hewa, hata wanaume wanaojuana wanasalimiana hivyohivyo kwahiyo usishtuke wala usirudi nyuma. Ila kuomba dansi usimfate mtu mezani, mtazame machoni tokea mbali, akiitikia kwa kichwa ndo unaenda, akiangalia pembeni muache, mi hii naipenda sana maana haimwaibishi mtu. Kukumbatiana kifua kwa kifua usilazimishe, acha mwenzio asogee mwenyewe. Wimbo ukiisha mwachie, pigeni stori kidogo. Usiseme “gracias”, yaani asante, kabla nyimbo 3 au 4 za tanda, yaani mfululizo wa nyimbo unaocheza na mtu huyohuyo, hazijaisha, atajua umeshamaliza nae.