Bori la udongo au la kisasa? Angalia kwanza tumbaku uliyonayo

Nianze na hili tusije tukaelewana vibaya: huku Bongo shisha ilipigwa marufuku 2016, so nikiwa hapa Tabora siandikii mtu anayetaka kufungua kijiwe Isevya. Haya ni ya ndugu zetu walioko Maskati na Dubai, watu wazima, ambao kila wakinunua bori jipya (kile kikombe cha juu ya shisha kinachotiwa tumbaku) wanatutumia picha kwenye grupu afu baada ya siku mbili wanalalamika linaunguza koo.

Shida mara nyingi sio bori, ni kwamba umetia tumbaku ambayo hilo bori haliiwezi.

Bori la Kimisri, lile la udongo, lina vitobo kadhaa pale chini. Ukiweka tumbaku iliyolowa sana, moto ukikolea ile juisi inashuka kwenye vitobo inaingia kwenye mti wa shisha mpaka kwenye maji, juu inabaki tumbaku kavu inaungua tu. Kwa hiyo bori hili lipe tumbaku isiyochuruzika, za Kimisri kama Nakhla (hawa wapo tangu 1913) zinakaa vizuri. Itifue kwa vidole, idondoshe taratibu, usishindilie, na ibaki kama milimita mbili chini ya ukingo ili isiguse foili inayofunika juu, ile inayobeba makaa.

Bori la faneli lenyewe lina tundu moja tu katikati, limeinuka juu, hivyo juisi haina pa kutokea, inabaki inachemka pamoja na tumbaku. Hapo ndo mahali pa zile tumbaku za kisasa zinazoogelea kwenye glisarini, Starbuzz na wenzake. Tundu la katikati usilizibe tu. Ukiwa na Tangiers, ambayo jani lake ni jeusi na halijaoshwa, hiyo unaijaza imebanana kidogo na moto unaanza nao mdogo mdogo, nikotini yake kali ukiikurupukia utakaa chini mwenyewe.

Afu kuna tumbaku ya Kiajemi, jani tupu bila asali wala ladha. Hii ndo iko karibu na kiko cha wazee wetu, kile cha bori, digali na shilamu. Unaloweka jani, unalikamua, unalifinyanga kama kichuguu juu ya bori la udongo na kaa unaliweka juu yake moja kwa moja, hakuna foili. Kwenye faneli usijaribu, na kama hujazoea mi nakushauri uiache kabisa.

Makaa: tumia ya vifuu vya nazi, yawashe kwenye jiko la umeme mpaka yawe mekundu pande zote pasibaki peusi. Anza na mawili, la tatu ongeza kama moshi ni mwepesi. Yale ya kuwasha kwa kiberiti yana kemikali, utaisikia mdomoni. Na madirisha yawe wazi, mkaa unatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, chumba kilichofungwa kwa AC ni hatari kweli. Hadithi ya kwamba maji yanachuja sumu sio kweli, WHO walishasema saa moja ya shisha moshi unaovuta ni mara 100 mpaka 200 ya sigara moja.

Kuna binamu kaniuliza kama anaweza kubebewa jani la Urambo alichanganye na asali ya Sikonge atie kwenye faneli. Jani lile la mvuke, yaani lililokaushwa kwa hewa moto, ni Virginia, na Virginia hutumika sana kutengenezea shisha nyepesi, ila likitoka banini (banda la kukaushia) hivyohivyo ni kavu litaungua, na asali peke yake bila glisarini inageuka masizi. Asali yetu tia kwenye chai jamani.

Kuosha: la udongo lisilopakwa ile rangi ya kung'aa kama ya kigae linanyonya ladha na sabuni, tumia maji moto tu, na kama unapenda ladha ya tufaha mbili (double apple) itengee bori lake maana harufu ile haitoki. La silikoni osha unavyotaka.